Shajara ya L24: turbo kwenye Datsun 240Z, bila kubadilisha injini

Januari 12

Gari limeingia gereji leo jioni, limevutwa kwa kamba kutoka kwenye kiwanja cha mjomba hapa Nairobi. Ni Datsun 240Z ya usukani wa kulia, na injini iliyo ndani ni ileile liliyotoka nayo kiwandani: L24, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili. Limesimama miaka kumi na moja chini ya mjakaranda. Maua makavu yamejaa mpaka kwenye matundu ya wipa, na tairi zimebonyea kama maandazi yaliyokosa hamira.

Kabla hata hatujalisukuma ndani, watu watatu walishanipa ushauri mmoja: toa hiyo injini ya wazee, tia 2JZ ya Toyota. Jirani wa gereji yeye anapendekeza V8 ya Lexus. Sibishani nao kuhusu injini zenyewe. 2JZ inavumilia mateso na spea zake ziko kila kona ya mji. Lakini ukiitia humu unakata vikalio vya injini, unabadilisha giaboksi, propela shafti inatengenezwa upya, waya zote zinang'olewa, na mwishowe umebaki na bodi ya 240Z juu ya gari jingine.

240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, mara hiyo Mehta akiwa amelingana kwa alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Mjomba alikuwa kijana, alikesha kando ya barabara kuzingoja. Anasema ilikuwa inasikika muda mrefu kabla taa hazijaonekana, na walijua ni ipi kwa mlio. Mlio huo ni L24. Siutoi.

Januari 19

Nimepima kompresheni, yaani presha inayobanwa na kila pistoni, kwa psi. Silinda ya kwanza hadi ya sita: 138, 142, 140, 141, 139, 136. Fundi aliyekuwa akinisaidia alitikisa kichwa, akasema injini imekwisha. Haijaisha. Namba za kitabu zimepimwa usawa wa bahari, na hapa tuko mita 1,700 hivi juu. Hewa ya Nairobi ina presha ya takriban kilopaskali 83, wakati Mombasa ni 101. Kila silinda inavuta hewa pungufu kwa asilimia 17 au 18 kabla hujakanyaga chochote, na geji inasoma upungufu huohuo. La muhimu ni kwamba sita zote zinakaribiana.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa. Injini isiyo na turbo ikiwa Nairobi ni mtu anayekimbia huku amezibwa pua moja. Turbo ikisukuma presha ya baa 0.18 tu (baa moja ni kilopaskali 100), L24 inapumua kama iko ufukweni. Chochote kinachozidi hapo ndiyo faida. Sihitaji kuiua injini kwa presha kubwa ili gari lenye uzito wa tani moja liwe na mbio za kuridhisha.

Wala si wazo geni kwa ukoo huu wa injini. Nissan wenyewe waliitia turbo ndugu yake mkubwa, L28, kwenye 280ZX kuanzia 1981. Walitumia turbo ya Garrett, wakashusha uwiano wa kompresheni (pistoni inabana hewa mara ngapi) hadi 7.4 kwa 1, wakapata nguvu farasi 180. Kranki ya L24 ina beringi kuu saba kama ya L28. Chini ni imara.

Februari 2

Injini iko mezani, kichwa kimefunguliwa. Kuta za silinda bado zina alama za msalaba za kusuguliwa kiwandani.

Leo kutwa nzima nimepima ujazo. Nilikata kipande cha plastiki ngumu ya kioo, nikatoboa tundu dogo, nikakipaka grisi pembeni na kukilaza juu ya chumba cha kuchomea. Kisha bomba la sindano la duka la dawa, na mafuta ya taa niliyoyatia matone ya oili nyekundu ya giaboksi ili niyaone. Unasukuma taratibu, unainamisha kichwa kidogo ili povu la mwisho litoke, unasoma. Mara tatu kwa kila chumba. Nikijumlisha na unene wa gasketi na nafasi ya pistoni, juu ya kila pistoni panabaki cc 50. Kompresheni ni 9.0 kwa 1.

Hiyo ni nyingi kwa turbo. Nataka 8.0, na hesabu inasema panatakiwa pabaki cc 57. Kwa hiyo nitafute cc 7 kwa kila silinda.

Njia rahisi ni gasketi nene. Kwa silinda ya milimita 83, kila milimita moja ya gasketi inaongeza cc 5.4, kwa hiyo ningehitaji nyongeza ya milimita 1.3. Sikuipenda. Pembeni mwa chumba kuna sehemu ambapo pistoni inakaribia sana kichwa na kuisukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye plagi. Ukiachanisha hapo, mchanganyiko wa hewa na petroli unalala badala ya kuzunguka, na injini inakuwa nyepesi zaidi kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe bila kufuata plagi. Unashusha kompresheni kuepuka kugonga, kumbe umekaribisha kugonga kwa mlango wa nyuma.

Februari 11

Pistoni zimekwenda kwa mkerezaji, Kariobangi Light Industries. Tumepima kwanza unene wa juu wa kila pistoni, kwa sababu hizi ni za kusubu, na ukila nyama nyingi zinapasuka. Zilikuwa na unene wa kutosha. Amechimba kisahani cha upana wa milimita 70, kina cha milimita 1.85 katikati ya kila moja, akaacha ukingo wa pembeni kama ulivyokuwa. Nilisimama kando ya mashine pistoni zote sita. Mzee huyu hana haraka: kila akimaliza moja anaizima mashine, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo kutafuta makali, kisha anakwaruza kidogo kwa msasa wa maji. "Makali yakibaki," aliniambia, "yatawaka mekundu kama kaa, na petroli haitangoja plagi tena." Niliandika maneno hayo kwenye kifuniko cha boksi la spana.

Jioni tumezipima uzito kwenye mizani ya sonara. Nzito na nyepesi zimepishana gramu moja na nusu. Safi.

Februari 23

Turbo nimepata. Ni TD04 iliyotoka kwenye Subaru ya lita mbili. Nairobi hii Subaru hazihesabiki, na turbo zake zinauzwa zikiwa zimepangwa kama viatu. Ni ndogo kwa watu wanaotafuta namba za kujivunia, lakini inaamka mapema, na springi ya westigeti yake (mlango unaopunguza moshi unaoizungusha turbo ili presha isizidi) inafungua karibu na baa 0.5. Ndicho nilichokuwa nakitaka.

Nilizikataa nne kabla ya hii. Unashika ncha ya shafti kwa vidole viwili: ikicheza kidogo kushoto na kulia si neno, oili itaijaza nafasi hiyo. Lakini ukiisukuma ndani na kuivuta nje, isiondoke hata kidogo.

Machi 8

Kabureta zimetoka. Nilitaka sana zibaki, nimechora michoro ya sanduku la kuzifunika ili zisukumiwe hewa, na kila mchoro uliishia kwenye petroli inayovuja kwenye ncha za shafti zake, juu kabisa ya turbo. Kwenye L24 hewa inaingia na moshi unatoka upande mmoja wa injini, manifoldi moja juu ya nyingine. Tone moja linatosha kuteketeza gari. Nimezisafisha, nimezifunga kwa kitambaa chenye oili, ziko rafuni.

Badala yake nimetia manifoldi ya noza za kupulizia petroli kutoka 280Z, iliyoletwa na ndugu anayeishi Marekani. Inakaa sawasawa, ila kichwa hiki kilitengenezwa kwa ajili ya kabureta, matundu yake hayana kijifereji cha juu cha kupisha mafuta ya noza. Nimevichonga sita kwa mkono, milimita kwa milimita. Kwenye puli ya kranki nimefunga gurudumu la meno 36 lililotolewa jino moja, na kompyuta ya kujipangia mwenyewe, inayopima petroli na cheche, inasoma hapo kranki imefika wapi. Disitributa imebaki mahali pake kwa sura tu na kuziba tundu.

Pistoni zimerudi ndani, ringi mpya, gasketi ya unene wa kawaida. Nafasi ya vali nimeiweka milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa, injini ikiwa baridi.

Machi 21

Intakula, ya kupoza hewa inayotoka turbo, imekaa mbele ya rejeta. Ilikuwa ya lori dogo. Pampu ya petroli na kitangi cha kando vimefungwa. Plagi nimepanda daraja moja la ubaridi, kutoka BP6ES hadi BP7ES.

Aprili 5

Imewaka! Mara ya tatu ya kuzungusha. Ilitetemeka, ikakohoa, halafu ikatulia kwenye ule mlio, na chini yake sasa kuna filimbi nyembamba sana. Watoto wa mtaa walijaa langoni.

Baada ya dakika saba moshi wa bluu ukafunika gereji nzima.

Aprili 7

Moshi haukuwa ringi. Oili inaingia turbo kwa presha, lakini inatoka kwa uzito wake yenyewe, na inatoka imechafuka mapovu kama maziwa yaliyochemka. Mimi niliirudisha kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) kwa mpira mwembamba wenye kona mbili. Ikakosa njia, ikapanda, ikapita kwenye sili ikaingia ekzosi. Nimetoboa sampu upya, juu ya usawa wa oili, nikachomelea bomba la milimita 19 linaloshuka moja kwa moja bila kona. Moshi umekwisha. Kama kuna mtu anafanya kazi hii mahali, naomba aanze na bomba hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Hapa gari za usukani wa kulia zimebahatika. Shafti ya usukani iko upande wa pili, kwa hiyo turbo na bomba lake la kushuka vina nafasi. Walio na usukani wa kushoto wanapigana na shafti hiyo kila siku.

Mei 16

Manifoldi ya ekzosi imepasuka. Nimesikia mlio wa tik-tik kama cherehani kila nikikanyaga, nikaona masizi meusi kati ya silinda ya tatu na ya nne. Bomba ni nene, la mvuke, na mchomeleaji ni hodari. Kosa ni langu la kuchora. Niliunganisha sita zote kwenye sahani moja ndefu ya sentimita 55. Chuma hicho kikipata joto la nyuzi 600 zaidi kinarefuka karibu milimita nne, na kichwa cha silinda kilichopozwa na maji hakirefuki hivyo. Kitu lazima kipasuke. Juu ya hapo uzito wote wa turbo ulikuwa unaning'inia kwenye manifoldi.

Nimeikata sahani vipande vitatu, silinda mbilimbili, matundu ya bolti za pembeni nimeyafanya marefu kidogo, na turbo nimeipa mguu unaoegemea bloku. Nimeongeza bati la kuzuia joto kati yake na noza. Wiki nzima imeondoka.

Juni 29

Kupanga kompyuta. Nilikuwa nafanya saa kumi na moja alfajiri kabla ya msongamano, mwenzangu ameshika kompyuta mpakato mapajani. Presha yote inayosomwa ndani ya manifoldi, ya anga pamoja na ya turbo, haivuki kilopaskali 133. Hapo mchanganyiko wa hewa na petroli nimeuweka 11.8 kwa 1, taimingi (cheche kutangulia kabla pistoni haijafika juu) nyuzi 24. Hakuna kugonga hata kidogo.

Leo tumeshuka Mai Mahiu na kupanda tena. Zamani, mjomba anasema, mlima ule ulikuwa wa gia ya tatu na kuomba lori la mbele liongeze mwendo. Tumepanda kwa gia ya nne. Joto la maji halikusogea. Ukikanyaga kwenye mzunguko 2,500 unasikia filimbi ikipanda, kisha kiti kinakusukuma mgongoni polepole, bila mshtuko, na silinda sita zinaimba zote kwa sauti moja. Nilinyamaza mpaka tulipofika juu. Mwenzangu pia.

Agosti 9

Safari ya Mombasa. Mjomba amestaafu, anaishi huko kwa binti yake, na hajaliona gari tangu tulivute. Tumetoka saa kumi alfajiri.

Mpaka Mtito Andei lilikuwa linateleza tu. Baada ya Voi nilitoka kulipita lori la makontena, nikakanyaga mpaka chini, na nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuanze: kokoto zikitikiswa ndani ya kopo la bati. Sekunde moja, labda mbili. Roho iliniruka. Nikaachia mguu, nikarudi nyuma ya lori, na kutoka hapo hadi Mombasa nimeendesha kama nimebeba mayai.

Agosti 10

Nimefungua plagi zote asubuhi uani kwa binti ya mjomba, nikaziweka kwenye leso kwa mpangilio. Nne ni safi, rangi ya chai ya maziwa. Ya tano na ya sita zina chembechembe kwenye kauri nyeupe, ndogo kuliko punje za chumvi, zinang'aa kama fedha. Ukizisogeza kwenye jua zinameta. Hiyo ni aluminiamu, na imetoka kwenye pistoni. Ni nyuma ya injini, mbali na pampu ya maji, ambako maji hufika yakiwa yameshapata moto.

Nilikaa na kikombe cha kahawa na rekodi za kompyuta, na jibu lilikuwa pale. Springi ya westigeti haijui presha yote. Inajua tu tofauti kati ya ndani na nje. Inafungua kwa baa 0.5 juu ya anga, popote anga lilipo. Nairobi ni 83 jumlisha 50, unapata 133. Voi, mita 600 hivi, ni karibu 144. Mombasa ni 151. Zile safu za jedwali la kompyuta kuanzia kilopaskali 140 kwenda juu sikuwahi kuzifikia Nairobi hata siku moja. Nilizijaza kwa kukisia, nikaendeleza tu mstari wa taimingi. Nilipanga injini kwa hewa ya mlimani, nikaileta mahali penye hewa nzito, ya moto, na mguu uleule.

Nimerudisha taimingi nyuma nyuzi nne kwenye safu ya 140 na nyuzi tano kwenye 150, nimeongeza mafuta kidogo hadi 11.5, na nimeongeza safu nyingine inayotoa nyuzi zaidi hewa inayoingia ikizidi joto la 50. Mchana, jua la utosi, nimejaribu barabara ya Mariakani nikipanda hatua kwa hatua, dirisha wazi, sikio nje. Kimya. Yaani kugonga ndiko kulikokuwa kimya.

Jioni nimempakia mjomba. Hakusema neno mpaka tulipofika Shimanzi, akaniambia, "Pita karibu na ukuta." Nikapita kando ya ukuta mrefu wa maghala, gia ya pili, dirisha lake wazi, mlio ukawa unarudi kutoka ukutani. Akanyoosha kidole kuonyesha nirudie. Tumepita mara nne. Kuhusu filimbi ameuliza swali moja tu, kama inaweza kuzimwa. Nimemwambia hapana, mjomba. Akasema basi ataizoea.

Agosti 24

Nairobi. Kilomita 970 kwenda na kurudi. Plagi mpya nilizotia Mombasa nimezifungua: sita zote rangi moja, hakuna kinachometa. Kompresheni imeshuka kama nilivyotarajia baada ya kuchimba pistoni, lakini sita zote bado zinakaribiana. Nimechungulia pistoni ya tano na ya sita kwa kamera ya waya. Kwenye ya tano kuna kijialama upande wa ekzosi, kama mchanga uliomwagikia rangi mbichi. Hakijafika kwenye ringi. Nimekipiga picha ili nikilinganishe baada ya kilomita elfu nyingine.

Klachi imeanza kuteleza kwenye gia ya nne. Sahani nzito zaidi nimeshaagiza, giaboksi linashuka Jumamosi.